Kayaki Ipi Inakwenda Mbali kwa Jasho Lile Lile? Mwongozo Kamili wa Kupima na Kulinganisha Kayaki za Baharini

Wenye kayaki hubishana kuhusu mbio kama mashabiki wanavyobishana kuhusu penalti: kila mmoja aliona kwa macho yake, na hakuna aliyepima. Atakwambia yake ilimpita mwenzake bila jasho. Muulize upepo ulitoka upande gani, nani alibeba maji ya kunywa na hema, nani alilala vizuri usiku uliotangulia. Hapo maneno yanakwisha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupima. Vifaa si vingi: saa inayorekodi GPS, mkanda wa mapigo ya moyo ukiwa nao, futi ndefu, mizani ya kuning'iniza (ile ya kupimia mabegi inatosha), kamba, daftari na kalamu. Kinachohitajika zaidi ni subira, kwa sababu tofauti kati ya kayaki mbili nzuri ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na kitu kidogo chaweza kukorogwa na chochote.

Kabla ya kushika futi, amua unauliza nini. Kayaki inayoongoza katika mbio za dakika mbili si lazima iwe ile itakayokufikisha ukiwa na nguvu baada ya saa tano. Mwenye safari hana haja kubwa na kasi ya juu kabisa. Anachotaka kujua ni kayaki ipi inamdai kidogo kwa mwendo wake wa kila siku. Andika mwendo huo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Kwa wengi ni kati ya kilomita 5 na 7 kwa saa. Kila kipimo kitakachofuata kitarudi kwenye namba hiyo.

Hatua ya 1: Jua kinachoivuta nyuma

Kayaki inayokwenda huvutwa nyuma na mambo mawili makubwa. La kwanza ni msuguano: maji yanashikamana na ngozi ya chombo na kuburutwa nayo. La pili ni mawimbi ambayo chombo chenyewe kinayazaa, lile la omo (ncha ya mbele) na lile la tezi (ncha ya nyuma). Kuyanyanyua maji ni kazi, na anayeilipia ni mwenye kafi.

Mhandisi Mwingereza William Froude (1810–1879) ndiye aliyeonyesha namna ya kuyatenganisha haya mawili, kwa kuvuta vielelezo vidogo vya meli kwenye birika refu lililojengwa Torquay mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kutokana na njia aliyoifungua, watu wa vyombo wana hesabu ya haraka: chukua urefu wa kayaki pale inapogusa maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.5. Unapata kilomita kwa saa ambapo wimbi la chombo linakuwa na urefu sawa na chombo chenyewe. Mita 4 zinakupa 9.0. Mita 4.5 zinakupa 9.5. Mita 5 zinakupa karibu 10.1.

Wengi huisoma namba hiyo kama ukuta. Si ukuta, ni kilima kinachoanza kupanda taratibu mapema na kuwa kikali karibu na hapo, na kwa chombo chembamba kilima hicho kinapandika. Kayaki ya mashindano ya mtu mmoja, K1, haivuki mita 5.2, kwa hiyo hesabu yetu inaipa kilomita 10 na kidogo kwa saa. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Bálint Kopasz wa Hungaria alimaliza mita 1000 kwa dakika 3 na sekunde 20.6, yaani karibu kilomita 18 kwa saa. Urefu haukumzuia. Wembamba wa chombo na mabega yake vilimpitisha.

Wewe na mimi hatuendi huko. Kwenye mwendo wa safari, mawimbi ya chombo bado ni madogo na msuguano ndio unaokula sehemu kubwa. Hapa ndipo hadithi ya "ndefu ndiyo yenye mbio" inapinduka: kayaki ndefu mara nyingi ina ngozi nyingi inayolowa, kwa hiyo ukienda polepole inakudai zaidi. Faida ya urefu inaonekana unapokaza.

Tuweke namba. Kayaki yenye eneo linalolowa la mita za mraba 2.2, kwa hesabu ya kawaida ya wasanifu wa meli, ina msuguano wa nyutoni 8 hivi kwa mita 1.5 kwa sekunde (kilomita 5.4 kwa saa), na nyutoni 14 hivi kwa mita 2 kwa sekunde (kilomita 7.2). Nyutoni 14 ni kama uzito wa kilo moja na nusu kasoro ukining'inia kwenye kamba. Ndiyo, hicho tu ndicho unachovutana nacho mchana kutwa. Sasa zidisha kani kwa kasi upate wati: 12 kwa mwendo wa kwanza, 28 kwa wa pili. Kasi imepanda kwa theluthi moja, nguvu inayotakiwa imepanda zaidi ya mara mbili. Ukumbuke uwiano huu kila mtu anapokwambia kayaki yake "imemwongezea kilomita mbili kwa saa".

Hatua ya 2: Pima chombo, usiamini karatasi ya muuzaji

Urefu unaoandikwa kwenye tangazo ni wa ncha hadi ncha. Maji hayaujui urefu huo. Yanaujua ule unaoyagusa.

Kayaki zilizofuata umbo la Greenland, mfano Nordkapp iliyochorwa kwa safari ya mwaka 1975 ya kwenda ncha ya kaskazini ya Norwe, zina omo na tezi zilizonyanyuka na kuning'inia juu ya maji. Nyingine, kama Epic 18X, zina omo iliyosimama wima, hivyo karibu urefu wote unafanya kazi. Kwa hiyo kayaki ya mita 5.3 yenye ncha zilizonyanyuka inaweza kuwa "fupi" kuliko ya mita 5 iliyokatwa wima.

Namna ya kupima: kayaki ikae kwenye maji yaliyotulia yanayokufika mapajani, mwendeshaji ameketi na mzigo wake wa kawaida umo ndani. Mwenzako abandike kipande cha utepe wa plastiki mahali maji yanapokutana na omo, na kingine kwenye tezi. Ukitoka, iweke chini mahali tambarare, shusha timazi kutoka kwenye kila alama hadi ardhini, kisha pima kati ya hizo nokta mbili. Ukifuata mkunjo wa chombo kwa futi utapata namba kubwa isiyo ya kweli.

Pima pia upana penye maji, si penye ukingo wa juu. Kisha pima uzito wa kayaki tupu kwa mizani yako, omo peke yake halafu tezi peke yake, ujumlishe. Usishangae ukikuta tofauti na ya kwenye karatasi, hasa kama kayaki imewahi kuzibwa nyufa.

Pitisha kiganja chini ya tumbo la chombo. Mikwaruzo mirefu inayofuata mwendo haina madhara makubwa, lakini vinyweleo vya plastiki vilivyosimama baada ya kuburutwa juu ya mchanga, na ule utelezi wa kijani wa chombo kilichokaa majini wiki nzima, vinaongeza msuguano. Osha kayaki zote mbili kabla ya kupima. Ukilinganisha chafu na safi, ulichopima ni sabuni.

Hatua ya 3: Sawazisha kila kisicho kayaki

Mtu awe mmoja, kafi liwe moja, nguo ziwe zile zile. Usilinganishe kayaki yako na ya rafiki kwa kuendesha sambamba, hata mkibadilishana katikati. Mtu anayemwona mwenzake pembeni hukaza bila kujua, mimi nikiwa wa kwanza.

Mzigo unazusha mjadala. Kuna wanaosema uzito wa jumla uwe sawa kabisa, kwa hiyo kayaki nyepesi iongezwe farumi, yaani uzito wa kujazia, hadi ilingane na nzito. Sikubaliani nao. Wepesi ni sehemu ya kayaki. Ukiufuta, umelinganisha maumbo, hukulinganisha vyombo. Weka mzigo sawa katika zote, mfano chupa za maji zenye jumla ya kilo 15, uache uzito wa chombo ujisemee. Kwa makadirio, chombo na mtu wenye jumla ya kilo 100 wakiongezewa kilo 10, ngozi inayolowa huongezeka kama asilimia 5, na kwa nguvu ile ile ya mwendeshaji kasi inapungua kwa asilimia moja na nusu hivi. Si mzaha, lakini si balaa.

Linalosahaulika zaidi ni mlalo. Kayaki iliyolemewa tezi hukokota matako majini na kuvuta maji nyuma yake. Iliyolemewa omo inapigana kugeuka. Mwenzako asimame ufukweni na kukutazama kwa ubavu, nawe usogeze chupa mpaka kayaki ilale sawa. Andika ulipoziweka.

Kimo cha kiti nacho kiangalie. Ukikaa juu zaidi kwa sentimita tatu kafi linaingia majini kwa pembe nyingine na unapiga vizuri zaidi. Kayaki itapewa sifa ambazo ni za godoro la kiti.

Hatua ya 4: Chagua maji na siku

Hapa ndipo vipimo vingi hufia.

Kina kwanza. Maji mafupi yanaongeza ukinzani, kwa sababu wimbi la chombo linabanwa na sakafu. Kwenye kina cha nusu mita, wimbi haliwezi kwenda zaidi ya kilomita 8 kwa saa, na chombo kinachokaribia kasi hiyo kinahisi kama kinavuta gunia. Tafuta mahali pasipopungua mita 3, na pawe vivyo hivyo njia nzima.

Mkondo unashughulikiwa kwa kwenda na kurudi, ila uwe mdogo na usibadilike katikati. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, ni bora kuliko za bamvua, inapojaa na kupwa sana, na saa nzuri ni pale maji yanaposimama baada ya kujaa.

Upepo ndio adui mwenyewe. Watu hudhani kwamba ukienda ukiwa nao usoni na kurudi ukiwa nao mgongoni, unajifuta. Haujifuti. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi ya upepo unaokufikia. Chukua upepo wa mita 3 kwa sekunde, ule unaotikisa majani tu, nawe unakwenda mita 2 kwa sekunde. Ukiukabili, hewa inakujia kwa mita 5, na mwili wako na sehemu ya kayaki iliyo juu ya maji vinapata kama nyutoni 6 za kukurudisha. Ukigeuka, hewa inakusukuma kwa mita 1 tu, na msaada wake ni kama robo ya nyutoni. Umelipa sita, umerudishiwa robo. Upepo ukifika mita 5 kwa sekunde, ukinzani wa hewa kutoka mbele unafikia nyutoni 12, karibu sawa na ule wa maji. Ukipima siku hiyo, kayaki yenye sitaha ya chini itashinda hata kama tumbo lake ni baya. Nenda alfajiri. Uso wa maji ukiwa na vikunjo vidogo vidogo, subiri au rudi nyumbani.

Joto la maji nalo limo, ingawa wachache hulifikiria. Maji ya moto ni mepesi kuteleza: kati ya nyuzi 10 na nyuzi 28 msuguano unapungua kwa karibu asilimia 7 kwa hesabu. Ndiyo maana rekodi yako ya msimu wa baridi huwezi kuilinganisha na ya msimu wa joto. Kayaki zote zipimwe siku moja, saa zilizofuatana.

Na uvae jaketi la kujiokolea, umwambie mtu uliko. Kipimo hakina haraka ya kumzamisha mtu.

Hatua ya 5: Jaribio la mapigo ya moyo

Hili ndilo lililo karibu zaidi na maisha halisi, na ningekuwa na nafasi ya moja tu ningelichagua hili.

Pasha mwili moto dakika 20. Chagua kiwango cha mapigo unachoweza kukishika saa nzima bila kuhema, tuseme 130 kwa dakika. Piga kafi ukikishika kiwango hicho kwa dakika 10 kuelekea upande mmoja, geuka, kisha dakika 10 kurudi. Dakika mbili za mwanzo za kila upande zitupe, maana moyo unachelewa kuitikia.

Angalia: nimesema dakika, sikusema boya hadi boya. Kuna sababu. Tuseme umepima mita 1000 kati ya vigingi viwili. Kwenda, mkondo ukiwa mbele, sekunde 600. Kurudi, sekunde 480. Wengi watajumlisha: mita 2000 kwa sekunde 1080, sawa na kilomita 6.67 kwa saa. Si kweli. Umekaa muda mrefu zaidi ndani ya mkondo mbaya kuliko ndani ya mzuri, kwa hiyo mkondo umekuibia. Tafuta kasi ya kila upande kwanza: mita 1.667 na mita 2.083 kwa sekunde. Wastani wake ni 1.875, yaani kilomita 6.75 kwa saa. Tofauti ya asilimia moja na ushee, na asilimia moja na ushee ndiyo tofauti unayoitafuta kati ya kayaki mbili! Ukigeuka kwa saa badala ya kigingi, muda wa kila upande unakuwa sawa na hesabu inajisahihisha yenyewe: umbali wote kwa muda wote.

Mpangilio wa kayaki usiwe A kisha B basi. Mwili unachoka na mapigo yanapanda polepole hata kazi ikiwa ile ile, kwa hiyo B itaonewa. Fanya A, B, B, A. Kunywa maji kila unapobadilisha, upumzike muda ule ule. Rudia siku nyingine ukianza na B.

Kisha tazama namba za kayaki A peke yake. Kama mizunguko yake miwili inatofautiana kwa asilimia 2, huna haki ya kutangaza kwamba B imeishinda kwa asilimia 1. Kipimo kinachotofautiana chenyewe kwa chenyewe hakiwezi kuhukumu wengine.

Hatua ya 6: Jaribio la kuachia

Unakaza hadi kasi fulani, unaacha kupiga kafi, unaiacha kayaki iteleze mpaka ipoe. Halihitaji moyo wala pumzi, kwa hiyo linamwondoa mwendeshaji kwenye hesabu. Lakini lina mtego, na nimewaona watu makini wakitumbukia.

Weka saa irekodi kila sekunde. Fikisha kasi juu kidogo ya mita 2 kwa sekunde, nyanyua kafi, lilaze juu ya sitaha, kaa kimya. Kayaki itataka kupinda, hivyo kama zote mbili zina pezi la chini lishushe katika zote, na mzunguko wowote uliopinda sana utupe. Fanya mara kumi kwa kila kayaki, tano kila upande, kwa sababu GPS ya mkononi inayumba sekunde hadi sekunde na wastani tu ndio wa kuaminika.

Tuseme kayaki A pamoja na wewe na mzigo ni kilo 100, na ilishuka kutoka mita 2 hadi mita 1 kwa sekunde ndani ya sekunde 14. Umbali wake ulikuwa karibu mita 20. Sasa hesabu: 1 gawanya kwa kasi ya mwisho ni 1.0, na 1 gawanya kwa kasi ya mwanzo ni 0.5. Tofauti ni 0.5. Igawe kwa sekunde 14, upate 0.0357. Zidisha kwa kilo 100: 3.57. Hiyo ndiyo tarakimu ya kayaki yako. Ukitaka kani kwenye kasi yoyote, izidishe kwa mraba wa kasi. Kwa mita 2 kwa sekunde: 3.57 mara 4, nyutoni 14.3.

Kayaki B ni nzito, jumla kilo 108, na imechukua sekunde 14.5. "B inateleza zaidi," atasema aliyesimama ufukweni, na macho yake hayakumdanganya. Fanya hesabu: 0.5 kwa 14.5, mara 108, unapata 3.72, yaani nyutoni 14.9 kwa mita 2 kwa sekunde. B imeteleza muda mrefu zaidi na bado ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Kilichoisukuma ni uzito wake, kama gari lililojaa linavyochelewa kusimama. Kwa hiyo sifa ya kuteleza haitoshi bila kuzidisha kwa uzito.

Hesabu hii inachukulia kwamba ukinzani hukua kwa mraba wa kasi, jambo ambalo ni kweli kiasi cha kutosha kwenye mwendo wa safari. Ukianzia kasi kubwa, mawimbi yanaingia na namba inaharibika. Usivuke mita 2.2 kwa sekunde.

Hatua ya 7: Kuvuta kwa kamba, ukiweza

Ukipata boti ndogo yenye injini inayoweza kushika mwendo wa polepole bila kuyumba, funga kamba ya mita 20 au zaidi, mizani katikati karibu na boti, na ncha ya pili kwenye omo ya kayaki, chini karibu na maji. Kamba fupi itakuweka ndani ya povu la injini. Mwendeshaji akae ndani, kafi mapajani, asifanye lolote. Rekodi video ya mizani pamoja na kasi kwa dakika moja kwenye kila mwendo, halafu soma wastani. Kilo moja kwenye mizani ni nyutoni 9.8. Fundo la upande wa kayaki liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja.

Faida yake ni kwamba unapata kani kwenye kasi tatu au nne, na hapo tu ndipo unaweza kuuona mchoro wote.

Hatua ya 8: Chora, usitafute mshindi mmoja

Kwenye karatasi yenye miraba, kasi iende kulia, kani iende juu. Mfano wa umbo utakaloliona, kwa kayaki fupi ya mita 4.3 na ndefu ya mita 5.4: kwa mita 1.5 kwa sekunde, fupi nyutoni 8.0, ndefu 8.8. Kwa mita 2.0, zote 16.5. Kwa mita 2.4, fupi 29, ndefu 26. Mistari inakatana. Kabla ya makutano fupi inakudai kidogo, baada yake ndefu ndiyo rahisi. Sasa rudi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwenye mwendo wako ulioandika. Uko upande gani wa makutano? Jibu la mashabiki wote liko hapo, na ndiyo sababu wote wanaweza kuwa wakweli huku wakipingana.

Kisha geuza tofauti kuwa kitu unachokielewa. Safari ya kilomita 20 kwa mita 2 kwa sekunde inachukua kama saa 2 na dakika 47. Kayaki ikikupunguzia nyutoni moja kati ya 16.5, ni asilimia 6 ya kani. Ukiweka nguvu ile ile, kasi inapanda kwa asilimia 2 tu, na unafika dakika 3 na ushee mapema. Kusimama kula ndizi kunachukua zaidi. Lakini ukiamua kubaki na mwendo ule ule, asilimia 6 ya kazi umeiokoa kila saa, na kwenye siku ya nne ya safari mabega yanaijua. Mimi huihesabu kayaki nzuri kwa njia hii ya pili.

Hatua ya 9: Ipeleke kwenye maji yenye fujo

Namba zote hizi ni za maji ya kioo. Bahari ina tabia nyingine. Upepo wa ubavuni hugeuza omo ya kayaki nyingi kuelekea unakotoka upepo, na kila kafi la kurekebisha ni kafi lisilokusogeza. Kwenye hali hiyo usukani au pezi, ambavyo kwenye maji matulivu ni mzigo wa kuburuta, vinaweza kukuokolea zaidi ya vinavyokula. Basi rudia jaribio la mapigo siku ya upepo wa wastani, safari hii upepo ukiwa ubavuni, mara moja pezi likiwa juu na mara moja likiwa chini. Hesabu makafi ya kurekebisha katika kila dakika.

Wembamba nao una gharama isiyoonekana kwenye mizani. Kayaki inayokutikisa inakufanya ukaze kiuno, ufupishe kafi, uwe tayari kujishika muda wote. Nimepima chombo kilichokuwa chepesi kwa kamba kuliko vyote nilivyonavyo, na kwenye mawimbi ya nusu mita nilikwenda nacho polepole kuliko kile kipana. Tatizo halikuwa chombo. Ni mimi niliyekuwa sijakifikia. Kama unapanga kujifunza, kipime tena baada ya miezi mitatu.

Mawimbi ya nyuma ni habari tofauti kabisa. Kayaki inayoshika wimbi mapema inakwenda bure kwa sekunde kadhaa, na hapo omo inayochimba maji inakuharibia kila kitu. Hesabu ni mara ngapi katika dakika kumi umebebwa na wimbi, uandike.

Hatua ya 10: Pima kafi kabla ya kununua kayaki nyingine

Ukiwa na siku moja iliyobaki, shika kayaki ile ile na urudie Hatua ya 5 ukibadilisha kafi tu: lenye bapa dogo na lenye bapa kubwa, fupi na refu, kwa mpangilio ule ule wa A, B, B, A. Halafu fanya mzunguko mmoja ukizungusha kiwiliwili badala ya kuvuta kwa mikono. Weka matokeo hayo kwenye karatasi moja na yale ya kayaki. Ukikuta kafi limekupa asilimia 3 na kayaki mpya asilimia 2, unajua pa kuanzia.